Hukumu ya Nauli ya Mgonjwa Mahututi

Miongoni mwa mas'ala yanayozikabili familia za Lyamkena, huko Makambako, ni hili: mgonjwa amezidiwa usiku, gari la wagonjwa halipo, na mwenye gari binafsi anataka alipwe kwanza ndipo aondoke. Kutoka Makambako hadi Njombe mjini ni kiasi cha kilomita 60, na anayepewa rufaa ya Mbeya huenda mbali zaidi. Je, sharia yasemaje juu ya mwenye gari huyu?

Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi walilizungumzia jambo hili kwa mfano wa chakula. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, yaani 1277), katika Minhaj, ameeleza hukumu ya aliyeshikwa na njaa ya kumuua (mudhtar) mbele ya mwenye chakula asiyekihitaji kwa dharura. Ni wajibu kumpa. Hata hivyo si lazima ampe bure: akiwa nacho cha kulipa, atalipa papo hapo; asipokuwa nacho, atapewa kwa deni. Tena wajibu huo ni kwa Muislamu na kwa dhimmi, na ndugu zetu wa Njombe, wenye majirani wengi Wakristo, walizingatie hilo.

Sababu ya hukumu (illa) ni moja, nayo ni kuokoa nafsi. Kwa hiyo tunaona kuwa mwenye gari ana haki ya ujira wa mithili, yaani ule unaojulikana kwa masafa hayo, lakini hana haki ya kumwacha mgonjwa kwa kuwa fedha hazijatimia. Ambebe, na deni libaki. Dereva asiye na mafuta wala fedha ya kuyanunua hakalifishwi. Hapo wajibu unawahamia waliohudhuria.

Imamu Bukhari amepokea kuwa Rubayyi' binti Mu'awwidh (r.a.) na wanawake wenziwe walikuwa wakitoka vitani na Mtume (s.a.w.), wakiwanywesha watu maji na kuwarejesha majeruhi Madina.

Tangu Aprili 2022, Serikali ilipozindua kitaifa mfumo wa m-mama, mjamzito, mzazi na mtoto mchanga huitiwa usafiri bila malipo kwa namba 115; gari la wagonjwa lisipopatikana, huitwa dereva wa kijamii aliyeandikishwa, naye hulipwa na mfumo. Maimamu waitangaze namba hiyo. Ama mzee wa kiharusi, au kijana aliyeanguka na bodaboda, hawamo.

Misikiti mingi ina jeneza. Yenye mfuko wa nauli ya mgonjwa ni michache. Muislamu aliyeshindwa kulipa deni la nauli hiyo anaingia katika fungu la wenye madeni (gharimina), lililotajwa katika Surat Tawba aya ya 60. Jirani asiye Muislamu atalipiwa kwa sadaka, si kwa zaka. Kununua gari lenyewe kwa zaka, mafakihi wengi hawakukuruhusu, kwani zaka yataka mwenye haki amilikishwe. Gari ni mlango wa wakfu, na mwenye kuliweka abainishe mapema mafuta na mshahara wa dereva vitatoka wapi.