Programu Inapokuwa Kigeugeu

Tarehe 18 Novemba 2025, saa 8:20 mchana kwa saa za Afrika Mashariki, tovuti nyingi duniani zilianza kuonyesha ukurasa wa hitilafu. Mtandao wa X ulikwama, ChatGPT nayo ikagoma kufunguka kwa watu wengi. Zote zilikuwa zikipitia Cloudflare, kampuni ya Marekani inayokaa kati ya tovuti na watumiaji wake ili kuharakisha kurasa na kuzuia wavamizi.

Kilichowavuruga zaidi mafundi wa kampuni hiyo ni kwamba mfumo ulianguka, ukainuka wenyewe, ukafanya kazi kwa dakika chache, kisha ukaanguka tena. Wakashuku kwamba wanashambuliwa. Shaka hiyo ilizidi walipoona hata ukurasa wao wa kutangaza hali ya huduma, usiotegemea mitambo ya Cloudflare, umezimika wakati uleule. Baadaye ilibainika kuwa hilo la ukurasa lilikuwa sadfa tu.

Chanzo halisi kilikuwa cha ndani, tena kidogo. Robo saa kabla ya balaa, kampuni ilibadilisha ruhusa za hifadhidata yake moja, na mabadiliko hayo yalikuwa yakienea taratibu, seva baada ya seva. Kila baada ya dakika tano, hifadhidata hiyo iliulizwa ili itengeneze faili linalosaidia kutambua roboti za mtandaoni, na faili hilo likasambazwa duniani kote. Swali likiangukia seva ambayo haijaguswa, faili lilitoka salama. Likiangukia seva iliyokwisha kubadilishwa, mistari ilijirudia, faili likavimba hadi kuvuka kikomo cha vipengele 200, na programu iliyolisoma ikafa papo hapo. Kwa hiyo kila dakika tano ilikuwa bahati nasibu. Seva zote zilipokwisha kubadilika, ugeugeu ukaisha na mfumo ukalala moja kwa moja. Mafundi walisimamisha utengenezaji wa faili jipya, wakarudisha la zamani, na ilipofika saa 11:30 jioni sehemu kubwa ya huduma ilikuwa imerejea.

Kisa hicho kinaonyesha kwa nini msimbo uleule unaweza kutoa majibu mawili. Anayeweka programu yake kwenye huduma za wingu mara nyingi hakodi kompyuta moja tu. Maombi ya wateja wake hugawanywa kwa seva nyingi, kama wateja wa benki wanavyogawanywa kwenye madirisha. Karani mmoja akiwa bado anafuata waraka wa mwaka jana, wateja wachache watahudumiwa kinyume na wengine, na kila mmoja ataapa kwamba anasema kweli. Kompyuta haina hisia wala siku mbaya. Jibu likibadilika, basi kuna kitu kimetofautiana: toleo la programu, mashine, data, saa au mpangilio.

Tatizo hili ni la tangu kabla ya wingu kuenea. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilijiandaa kuanza kutumia programu mpya ya kununua na kuuza hisa. Fundi aliiweka kwenye seva saba, ya nane akaisahau. Humo mlikuwa na msimbo wa zamani ulioachwa kutumika tangu 2003, na programu mpya ilitumia tena swichi ileile iliyokuwa ikiuwasha. Soko la New York lilipofunguliwa saa 3:30 asubuhi kwa saa za huko, seva ya nane ilianza kumwaga oda bila kukoma. Mafundi, wakidhani msimbo mpya ndio mkosaji, waliuondoa kwenye zile seva saba nzima. Sasa zote nane zikawa na msimbo wa zamani, na hali ikazidi kuharibika. Ndani ya dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 460. Uchunguzi wa mamlaka ya masoko ya hisa ulikuta kwamba barua pepe 97 za onyo, zilizotumwa na mfumo wenyewe kabla soko halijafunguliwa, hazikushughulikiwa.

Makosa ya kila siku ni madogo kuliko hayo, ila yana tabia ileile. Seva nyingi za wingu hutumia saa za kimataifa za UTC, zilizo nyuma ya saa za Dar es Salaam na Nairobi kwa saa tatu. Programu ya kujumlisha mauzo ya leo itatoa hesabu sahihi mchana kutwa, lakini kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa, kwenye seva bado ni jana. Mwenye duka la nguo anayefunga jioni hataliona kosa hilo mwaka mzima. Mwenye baa atakuta bia zilizouzwa saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai zimeandikwa Juni 30, na hesabu ya mwezi haitalingana na fedha zilizo kwenye droo.

Huduma ya wingu kama AWS Lambda ya Amazon, iliyotangazwa 2014, nayo ina mtego wake. Huandaa mazingira ya kuendesha msimbo ombi linapoingia, kisha mara nyingi huyaacha hai yakisubiri ombi jingine. Jina la mteja wa kwanza likihifadhiwa mahali pasipofutwa, mteja wa pili anaweza kusalimiwa kwa jina la mwenzake. Msanidi anayejaribu peke yake kwenye kompyuta yake haoni kitu, na kwa dhati kabisa atasema, “Mbona kwangu inafanya kazi?”

Halafu kuna foleni za ujumbe, ambazo programu moja hupitishia kazi kwa nyingine. Foleni ya kawaida ya Amazon SQS inaahidi kufikisha ujumbe walau mara moja, maana yake mara chache unaweza kufika mara mbili. Programu ambayo haikagui namba ya muamala kabla ya kuandika malipo itamkata mteja mmoja mara mbili, huku mamia wengine wakipita salama.

Wasanidi wazoefu hawaanzi kwa kuuliza programu inaharibika wapi. Huuliza inapokubali na inapokataa kuna tofauti gani. Ili wajibu, kila tukio kwenye kumbukumbu za mfumo huandikiwa namba ya ombi, toleo la msimbo, jina la seva na saa pamoja na ukanda wake. Maombi yaliyofeli yakipangwa pamoja, mara nyingi picha hujitokeza: yote yamepita seva moja, au yote ni ya usiku wa manane. Hapo hubadilishwa kitu kimoja tu kwa wakati, kisha jaribio hurudiwa kwa maombi mengi yanayoingia kwa pamoja. Kukimbilia kuzima na kuwasha huleta nafuu ya haraka, lakini hufuta ushahidi uliokuwa kwenye kumbukumbu ya mashine, na tatizo hurudi wiki ijayo bila mtu kujifunza chochote.

Mtumiaji wa kawaida naye anaweza kupunguza usumbufu huu. Programu ya benki au ya tiketi ikikataa leo na kukubali kesho, asiishie kulalamika kwamba “mtandao unasumbua.” Apige picha ya skrini, aandike saa kamili, aina ya simu, toleo la programu na namba ya muamala, kisha avitume vyote kwa huduma kwa wateja. Kwa taarifa hizo, fundi anaweza kulipata ombi lake kati ya mamilioni na kuona limepita seva ipi.