Kiu ya shamba: tunaipimaje pasipo kituo cha hali ya hewa?

Mimi ni mtoto wa Pwani, nimezoea kuhesabu misimu kwa kaskazi na kusi. Nilipofunga safari hadi Homa Bay, kisha Nyatike kule Migori, nilikuta hesabu nyingine. Mwenyeji wangu analima nyanya karibu na Ziwa na humwagilia kwa pampu ya petroli. Nikamwuliza, "Ndugu yangu, unajuaje kwamba maji yametosha?" Akanijibu, "Nikiona udongo umelowa, nazima."

Hapo ndipo penye tatizo. Udongo kulowa juu hakuelezi mizizi imepata kiasi gani, na kila saa ya pampu ni pesa.

Maji huondoka shambani kwa njia mbili: udongo hukaushwa na jua na upepo, na mmea wenyewe hutoa mvuke kupitia majani. Jumla ya hayo mawili wataalamu huiita evapotranspiresheni. Mimi nitaiita kiu ya shamba. Hupimwa kwa milimita, kama mvua. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita moja ya mraba.

Kanuni inayotegemewa zaidi duniani ni ya Penman na Monteith, ambayo Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, liliipendekeza katika mwongozo wake wa mwaka 1998. Lakini kanuni hiyo inadai mambo manne: joto, unyevu wa hewa, kasi ya upepo na nguvu ya jua. Vituo vinavyopima yote hayo ni vichache, na mara nyingi viko mbali na shamba. Huwezi kuchukua hewa ya Kisii, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ukaivisha ufuo wa Ziwa ulio karibu mita 1,134.

Wahenga walisema, ukikosa titi la mama, hata la mbwa huamwa. Mwaka 1985 George Hargreaves na Zohrab Samani walitoa kanuni inayohitaji kipimajoto tu. Siri yake ni hii: siku isiyo na mawingu, mchana huwa moto na usiku hupoa sana. Siku ya mawingu, tofauti hiyo hupungua. Kwa hiyo pengo kati ya joto la juu na la chini hutuambia jua limefika kwa kiasi gani.

Tuhesabu pamoja, ndugu msomaji. Tuseme mchana ni digrii 30 na alfajiri ni 18. Wastani ni 24; ongeza 17.8, upate 41.8. Pengo ni 12, na kipeuo chake cha pili ni 3.46. Kisha kuna jua linalofika juu ya anga, ambalo halihitaji kupimwa kwa sababu lina jedwali lake kwa kila mwezi. Karibu na ikweta ni kati ya milimita 13.6 na 15.5 kwa siku, tuchukue 15. Sasa zidisha 0.0023 kwa 41.8, kwa 3.46, kwa 15. Jibu ni milimita 5 kwa siku.

Hiyo ni kiu ya nyasi fupi zilizostawi, na kila zao lina kipimo chake. Miche ya nyanya huzidishwa kwa 0.6, yaani milimita 3, ambazo kwa ekari moja ni kama lita 12,000 kwa siku. Nyanya zikishakomaa na kuanza kuzaa huzidishwa kwa 1.15, na ekari hiyo hiyo inataka kama lita 23,000. Karibu maradufu! Anayewasha pampu kwa saa zile zile msimu mzima humwaga petroli mwanzoni, kisha huiacha mimea na kiu wakati wa matunda. Mvua ikinyesha, nayo huondolewa katika hesabu.

Lakini tusijidanganye. Kanuni hii huelekea kuzidisha mahali penye unyevu mwingi, na kupunguza mahali penye upepo unaopita mita 3 kwa sekunde. Ufuo wa Ziwa una vyote viwili, kama ulivyo ufuo wetu wa bahari. Dawa yake ni kulinganisha majibu na kituo kamili kilicho katika mazingira yanayofanana, kisha kuyarekebisha. FAO pia hutoa bure makadirio ya setilaiti yanayoitwa WaPOR, ambayo yanafaa kwa kukagua hesabu.

Kwa nini nawasumbua na habari za bara? Kule kuna miradi ya Kimira-Oluch na Lower Kuja, na huku kwetu kuna Hola na Bura. Pote, aliye mwanzoni mwa mfereji akichota kwa kukisia, wa mwisho hupata matope. Ugomvi huo hauishi kwa mikutano pekee. Unahitaji namba ambayo kila mtu anaweza kuihakiki.

Ombi langu kwa kaunti zetu ni dogo: wekeni kipimajoto cha juu na chini katika shule zilizo jirani na mashamba, na watoto waandike kila asubuhi. Haba na haba hujaza kibaba.