Mkataba wa Fontainebleau: Koloni Lililotolewa kwa Siri

Makala haya yanaeleza jinsi nchi inavyoweza kubadilishiwa mtawala pasi na wakazi wake kujua. Mfano wetu ni Louisiana, koloni la Ufaransa huko Amerika Kaskazini.

Katika Vita vya Miaka Saba, Uhispania iliingia vitani upande wa Ufaransa dhidi ya Uingereza, nayo ikapata hasara kubwa. Ili kumfidia mshirika wake, Mfalme Louis wa 15 alitia mkataba wa siri tarehe 3 Novemba 1762. Kwa mkataba huo, Uhispania ilipewa Louisiana magharibi mwa mto Mississippi pamoja na mji wa New Orleans. La ajabu ni kwamba Mkataba wa Paris wa 1763, uliotangazwa hadharani, ulisema kuwa New Orleans ingebaki mikononi mwa Ufaransa!

Wakazi wa mji huo walipashwa habari mwaka wa 1764. Gavana Mhispania, Antonio de Ulloa, aliwasili 1766, akafukuzwa na walowezi 1768. Mwaka uliofuata, Alejandro O'Reilly alifika na wanajeshi wapatao 2,000. Viongozi watano wa uasi wakapigwa risasi.

Walowezi angalau walipewa habari, ijapokuwa kwa kuchelewa. Waosage, Waquapaw na Wacaddo, wenye ardhi hasa, hawakushauriwa kamwe. Kwa hivyo, kilichohamishwa Fontainebleau hakikuwa ardhi bali dai juu ya ardhi. Asiye na mali hawezi kuirithisha.