Ufundi wa Sauti Hufunzwa Ukumbini

Katika harusi na mabaraza yetu ya Idi huku Texas, fundi mitambo hatazamwi na yeyote mpaka spika ipige ukelele. Hapo ndipo ukumbi mzima humgeukia.

Ukelele ule una sababu. Sauti hutoka katika spika, ikaingia tena katika maikrofoni, ikakuzwa, ikatoka, na kuzunguka vivyo hivyo. Wengi wetu humwashiria msemaji arudi nyuma, kumbe dawa ni kinyume chake: na asogee. Umbali baina ya mdomo na maikrofoni ukipungua nusu, sauti yake huzidi kwa kiasi cha desibeli 6, na fundi aweza kuipunguza mitambo. Spika nazo ziwe mbele ya msemaji, zikiwaelekea watu.

Vijana wa Dallas waliipata elimu hii kwa mikono. Kampuni ya Showco ilianzishwa huko mwaka 1970, nao mafundi wake walijifunza kwa kuunda masanduku ya spika, kuyapakia malorini na kuyafunga upya mji baada ya mji. Waliihudumia bendi ya Led Zeppelin katika ziara za miaka ile. Mwaka 2000 kampuni ilinunuliwa na Clair Brothers ya Pennsylvania.

Kwetu sisi mfano ulio karibu zaidi uko Houston, katika ukumbi wa George R. Brown, uliofunguliwa mwaka 1987, ambamo maelfu wamewahi kuswali Idi. Sauti huenda takriban mita 343 kwa sekunde, basi aliye mita 70 nyuma huipata baada ya moja ya tano ya sekunde. Spika za nyuma zisipocheleweshwa kwa muda huo, maneno hugongana, na safu za mwisho, aghalabu za mama zetu, hutoka bila ya kuifahamu khutba. Hesabu yenyewe imo vitabuni. Kosa lake hulisikia yule tu anayetembea hadi nyuma akasimama huko.

Kijana mwenye hamu asingojee kununua mitambo. Na aombe kwanza kazi ya kukunja nyaya (wengi huidharau!), kwani waya uliosokotwa kwa nguvu hukatika kwa ndani, na hitilafu hujitokeza siku ya shughuli. Nanyi wazazi, mpeni vizibo vya masikio. Taasisi ya NIOSH ya Marekani hupendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zizidipo 3, muda hupungua nusu. Penye desibeli 100, hiyo ni robo saa tu.