Fahamu: Kuvuka Sirari na gari lako

Nyanungu iko Tarime, na Wakurya wako pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Kenya, kwa hiyo harusi au msiba Kenya ni jambo la kawaida. Kwa miguu watu hupita wanavyojua. Gari ni habari nyingine: linapita Sirari, kwenye kituo cha pamoja na Isebania, likiwa na kadi yake ya usajili na leseni ya dereva. Kama gari si lako, beba barua ya mwenyewe. Forodha wakilitilia shaka, utalala hapo.

Kinachosahaulika zaidi ni bima. Stika ya bima ya Tanzania haikulindi ng'ambo. Unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA (soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), inayobeba madai ya mtu wa tatu. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini imebaki kwenye mpango wa kadi hii, kwa hiyo kadi hupatikana kwa kampuni za bima za hapa nyumbani.

Upande wa barabara haubadiliki. Kenya nako ni kushoto. Atakayehangaika ni anayevuka Rusumo kwenda Rwanda, au Kabanga kwenda Burundi, ambako huendeshwa kulia.