Jina Lililotoka Tsavo Likaishia Entebbe

MSOMAJI, iwapo umewahi kuondoka Wenje alfajiri, ukashika njia ya Garsen na Malindi, kisha ukapanda basi la Nairobi pale Mombasa, basi umevuka Mto Tsavo, pengine ukiwa umesinzia. Hapo ndipo simba wawili walipowala makumi ya vibarua wa reli mwaka wa 1898, hata kazi ya daraja ikasimama. Aliyewapiga risasi Desemba ya mwaka huo ni John Henry Patterson, mzaliwa wa Ireland aliyetumwa na Waingereza kulijenga daraja hilo.

Kisa hicho unakijua tangu shule ya msingi. Lakini je, unajua Patterson alifanya nini baadaye? Katika Vita Vikuu vya Kwanza, ingawa yeye mwenyewe alikuwa Mkristo, aliongoza vikosi vya Wayahudi waliojitolea katika jeshi la Uingereza. Uzeeni, huko Marekani, akawa rafiki wa mwanahistoria Myahudi aitwaye Benzion Netanyahu. Tarehe 13 Machi, 1946, Benzion na mkewe Tzila walijaliwa mtoto wa kwanza mjini New York, wakampa jina la Yonatan kwa heshima ya mzee huyo John. Patterson alifariki mwaka uliofuata. Hakuishi kuona jinsi jina lake lingerudi Afrika Mashariki.

Yoni, kama walivyomwita nyumbani, alihamia Israel na wazazi wake akiwa bado mtoto mdogo. Akalelewa Jerusalem na wadogo zake wawili, Benjamin na Iddo. Mnamo 1963 baba alipata kazi Marekani na familia nzima ikahama tena. Wewe mzazi uliyewahi kumhamisha mtoto shule katikati ya masomo ya sekondari unaijua adha yake. Kijana hakuipenda Philadelphia hata kidogo. Alipomaliza shule mwaka wa 1964, akiwa na miaka 18, aliwaacha wazazi na ndugu Marekani, akarudi Israel peke yake kujiunga na wanajeshi wa miavuli. Mambo yake yote akawa anawaandikia kwa barua, na barua hizo ndizo ndugu zake walizokuja kuzitoa kitabuni baada ya kifo chake.

Katika vita vya Juni 1967 alipigwa risasi kwenye kiwiko. Miezi michache baadaye alioa, akaenda na mkewe Marekani kusoma katika Chuo Kikuu cha Harvard. Hebu fikiria, mwanafunzi unayesoma ukurasa huu: nafasi ambayo wengi wangeuza shamba kuipata, yeye aliiacha baada ya mwaka mmoja. Alijiunga na chuo kikuu cha Jerusalem, nako hakukaa, akarudi jeshini. Ndoa ilivunjika mwaka wa 1972. Mwaka uliofuata alimwokoa afisa mwenzake aliyejeruhiwa vitani, tendo lililompatia nishani. Kufikia 1975 alikuwa kamanda wa Sayeret Matkal, kikosi cha siri cha makomando.

Kisha ikaja Juni 27, 1976. Ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa nyara baada ya kutua Athens. Wapalestina wawili na Wajerumani wawili walioiteka waliilazimisha kupitia Benghazi hadi Entebbe. Walidai wafungwa 53 waachiliwe. Wengi wao walikuwa jela Israel, na wengine katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Abiria wasio Waisraeli waliachiliwa kwa mafungu. Rubani Michel Bacos na wahudumu wake walikataa kuwaacha waliobaki. Hapo, kwa maoni yangu, pana ushujaa ambao hausimuliwi vya kutosha.

Usiku wa kuamkia Julai 4, ndege nne za Hercules zilitua Entebbe baada ya safari ya kilomita zipatazo 4,000. Katika ile ya kwanza mlikuwa na Mercedes nyeusi, ili walinzi wadhani ni msafara wa Idi Amin. Ujanja huo ulivurugika kabla ya kufika jengoni, risasi zikaanza kulia. Mateka 102 waliokolewa. Watatu walikufa, mmoja wao Jean-Jacques Maimoni, kijana wa miaka 19. Watekaji wote waliokuwapo waliuawa. Yoni alipigwa nje ya jengo la abiria, akakata roho akiwa na miaka 30. Wengi husema aliyempiga ni askari wa Uganda aliyekuwa kwenye mnara. Ndugu yake Iddo ameupinga usemi huo.

Maiti yake ilipitia Nairobi, ambako ndege zilitua Embakasi kutia mafuta, na Julai 6 akazikwa Jerusalem. Operesheni ile ikapewa jina lake. Benjamin, mdogo wake, alikuja kuwa waziri mkuu wa Israel, na Julai 2016 alisimama Entebbe pamoja na Rais Museveni kuadhimisha miaka 40.

Ila sisi wa upande huu tuna hesabu nyingine ya usiku ule. Wanajeshi wa Uganda waliouawa hutajwa kuwa kati ya 20 na 45, na ni nani ajuaye majina yao? Amin, kwa hasira ya mafuta ya Embakasi, aliwageukia Wakenya waliokuwa wakiishi na kufanya kazi Uganda, na mamia wakauawa. Hao hawakuwa na ndege ya kuwafuata.

Hata Dora Bloch, bibi wa zaidi ya miaka 70, hakuikuta ndege. Alikuwa mmoja wa mateka, akakwamwa na chakula kooni na kupelekwa hospitali ya Mulago kabla makomando hawajafika. Watu wa Amin walimtoa wodini wakamuua. Mabaki yake yalipatikana 1979, Amin alipokwisha kung'olewa na majeshi ya Tanzania, yakapelekwa Jerusalem kuzikwa, mji ule ule alikolazwa Yoni miaka mitatu kabla.