Kiwanda kiliachilia, wenyewe hawakuachilia: namna Linux inavyofufua visanduku vya kuhifadhi data

Tarehe 23 Juni 2021 na siku zilizofuata, watu katika inchi mbalimbali walifungua kisanduku chao cha kuhifadhi data, My Book Live cha kampuni ya Marekani Western Digital, wakakikuta kitupu. Picha za watoto, za arusi, hesabu za kazi, kila kitu kimeondoka. Hakuna mtu nyumbani aliyekigusa. Kilipokea kupitia intaneti amri ya kurudi sawa kilivyotoka kiwandani, nacho kikatii. Wengi hata neno lao la siri halikukubaliwa tena.

Neno la kwanza la kampuni kwa wateja lilikuwa fupi: ondoeni kifaa kwenye intaneti. Baadaye ikaeleza kwamba bidhaa hiyo ilitoka mwaka wa 2010 na kwamba programu yake ilirekebishwa mara ya mwisho mwaka wa 2015. Tundu moja ambalo wadukuzi walipitia lilikuwa limekwisha kujulikana tangu 2018. Tundu la pili ni la kushangaza zaidi. Wachunguzi waliosoma programu ya ndani walikuta mistari ya kuuliza neno la siri kabla ya kufuta kila kitu. Mistari hiyo iliandikwa vizuri, kisha mtu fulani akaizima, na kifaa kikauzwa namna hiyo. Kampuni iliahidi kuwasaidia waliopoteza data na kuwapa njia ya kubadilisha kifaa kwa kipya.

Lakini kile cha zamani kiliendelea kuwa kizima. Diski inazunguka, taa inawaka, waya wa mtandao unashika. Kilichokufa ni usimamizi wa kiwanda tu. Na hilo linawahusu watu wengi kuliko wenye My Book Live peke yao, kwa sababu karibu kila kisanduku cha aina hii kinafika siku ambapo aliyekitengeneza anasema: sasa basi.

Kuna watu ambao kwa miaka zaidi ya 20 wamekuwa wakijibu jambo hilo kwa njia moja: wanatoa programu ya kiwanda na kuweka Linux yao wenyewe.

Kompyuta isiyo na kioo

Kisanduku cha kuhifadhi data kwenye mtandao ni kompyuta ndogo. Kina prosesa, kina kumbukumbu, kina diski ao mlango wa kuunganisha diski, na mlango wa waya wa mtandao. Kioo hakina, wala kibodi. Unakiweka karibu na modemu, na kompyuta zote za nyumba ao za ofisi zinaweka faili zao humo.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi ni kwamba ndani ya vingi vya visanduku hivyo Linux imo tayari. My Book Live yenyewe ilitoka kiwandani ikiendeshwa na Debian ya zamani, toleo la 5. Viwanda vinachukua Linux kwa sababu ni ya bure, kisha vinaifunika kwa ukurasa wa rangi nzuri wenye jina la kampuni. Ila leseni ya kiini cha Linux, inayoitwa GPL, ina sharti: anayekigawa kwa watu wengine anapaswa kuwapa pia maandishi ya programu yake. Bila sharti hilo, kazi yote inayosimuliwa hapa ingekuwa ya kubahatisha gizani.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni NSLU2 ya Linksys, iliyotoka mwaka wa 2004. Kilikuwa kidogo, cha kushikwa kwa mkono mmoja, chenye milango miwili ya USB, megabaiti 32 za kumbukumbu na megabaiti 8 tu za flashi, pale ambapo programu yote ya kiwanda ilikaa. Wapenzi wake walichukua herufi za jina lake wakakiita "slug", yaani konokono asiye na gamba. Jina lilikifaa. Prosesa yake ya Intel iliweza megahezi 266, lakini visanduku vya kwanza viliuzwa vikikimbia nusu, megahezi 133. Watu walivifungua, wakatafuta kipande kimoja kidogo sana kwenye ubao, wakakiondoa, na konokono akaongeza mwendo mara mbili. Baadaye kiwanda nacho kikaanza kuviuza kwa mwendo wote.

Linksys ilitoa maandishi ya programu yake. Kutoka hapo wajitoleaji wakatengeneza kwanza Unslung, ambayo ni programu ya kiwanda iliyofunguliwa ili mtu aongeze vitu vyake, kisha SlugOS, iliyojengwa upya. Martin Michlmayr, aliyekuwa kiongozi wa mradi wa Debian kati ya 2003 na 2005, alifanya kazi kubwa ili Debian kamili iingie humo. Debian 4.0, iliyotoka Aprili 2007, ilikipokea rasmi.

Hata hapo kulikuwa na mwiba. Sehemu ya mtandao ndani ya prosesa ile ilihitaji kipande cha programu cha Intel ambacho leseni yake haikuruhusu Debian kukiweka ndani ya toleo lake rasmi. Kifaa ambacho mlango wake pekee wa kuingilia ni mtandao, kikapewa programu rasmi isiyoweza kuwasha mtandao! Michlmayr akatengeneza pembeni toleo lisilo rasmi lenye kipande hicho, na hilo ndilo watu walilotumia.

Namna kinavyoamka

Kompyuta yoyote, umeme unapoingia, inaanza na programu ndogo ambayo kazi yake ni kutafuta kiini cha mfumo, kukipandisha kwenye kumbukumbu na kukiachia usukani. Kwenye NSLU2 programu hiyo ya kuamsha inaitwa RedBoot. Kwenye visanduku vingi vilivyokuja baadaye ni U-Boot. Yeye ndiye mwenye funguo: akiwa mzima, makosa mengine yote yanarekebishika.

Kwenye NSLU2 fundi anashika kitufe cha reset kwa kitu chembamba, anawasha kifaa huku amekishika bado, na anaangalia taa. Baada ya sekunde kama kumi taa inageuka kutoka rangi ya chungwa hadi nyekundu, na hapo anaachilia haraka. Akichelewa, anaanza upya. Akipatia, taa inapiga nyekundu na kijani kwa zamu: RedBoot inangoja programu mpya. Kutoka kompyuta nyingine iliyo kwenye mtandao uleule, programu inayoitwa upslug2 inatuma Debian, ikiandika kwenye flashi bila kugusa sehemu ya RedBoot.

Kisha kifaa kinaamka upya, na fundi anaingia humo kwa SSH, yaani kwa maandishi kutoka kompyuta yake, kwa kuwa kioo hakipo. Maswali ya Debian yanakuja ya kawaida: lugha, diski gani, neno la siri gani. Mfumo wenyewe unakaa kwenye diski ya USB, si kwenye flashi. Lazima pia kukata sehemu ya diski isaidie kumbukumbu, kwani megabaiti 32 hazitoshi. Halafu ni kungoja saa kadhaa. Anayekata tamaa katikati na kuchomoa waya ndiye anayejitafutia taabu.

Ila pale U-Boot yenyewe inapopaswa kubadilishwa, hatari ni ya kweli. Visanduku kama Pogoplug na Seagate DockStar, vyenye prosesa ya Marvell iitwayo Kirkwood, vilikuja na U-Boot isiyotaka kuamsha kitu kutoka diski ya mwenye kifaa. Watu waliandika nyingine juu yake. Umeme ukikatika katika sekunde hizo chache, kifaa kinabaki kizito, baridi, bila neno. Mafundi wa kila lugha wanakiita tofali.

Dawa ya tofali ni waya wa siriali. Kwenye ubao wa visanduku hivi kuna pini ndogo ambazo kiwanda kilizitumia wakati wa majaribio. Adapta ya USB yenye volti 3.3 inaunganishwa hapo, mwendo unawekwa 115200, na kwenye kompyuta yanaonekana maneno yote ambayo kisanduku kinasema tangu sekunde ya kwanza. Volti 5 kwenye pini hizo zinaweza kuua ubao. Prosesa nyingi za Kirkwood zina hata njia ya kupokea U-Boot mpya kupitia waya huo huo, kwa programu iitwayo kwboot, wakati flashi haina tena kitu cha maana. Kwa hiyo fundi mwenye busara anatafuta waya kabla ya kuanza, hangoji tofali limfundishe.

My Book Live ni mpole zaidi. U-Boot yake inakaa kwenye flashi, lakini kiini na mfumo wote viko kwenye diski. Fundi anatoa diski, anaiunganisha kwenye kompyuta, anaandika juu yake OpenWrt iliyotengenezwa kwa kifaa hicho, anairudisha. Akikosea, anaandika tena. Lakini kuandika huko kunafuta diski, na hapa kuna mtego uliowatesa wengi: sehemu ya data ilipangwa kwa vipande vya kilobaiti 64, ambavyo Linux ya kompyuta ya kawaida kwa miaka mingi ilikataa kuvifungua. Mtu anafikiri data yake imekufa, kumbe kompyuta tu haijui kuisoma. Njia nyepesi ni kunakili kila kitu kupitia mtandao wakati kisanduku bado kimefungwa na kinafanya kazi, kikiwa kimetengwa na intaneti.

Kama kikifika Bukavu ao Butembo

Kwa mtu wa Kivu ao Ituri anayekutana na kisanduku cha namna hii katika vifaa vya okazioni, hesabu ya kwanza ni umeme. Adapta isomwe kabla ya kuchomeka: iliyoandikwa 100-240 inafaa kwa volti 220 za Kongo, iliyoandikwa 120 peke yake itaungua. Adapta ya NSLU2 inatoa volti 5 na ampea 2, basi kifaa hakiwezi kupita wati 10 nje ya diski yenye adapta yake. Kwa hesabu ya karatasi, betri ya solari ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu, inabeba mzigo wa wati 10 kwa saa 60. Kompyuta ya mezani ya zamani ingeimaliza kati ya asubuhi na jioni. Ila anayeona adapta ya volti 12 asikimbilie kuunganisha kisanduku moja kwa moja kwenye betri: inapochajiwa inapanda kupita volti 14, na diski haipendi hivyo.

Kukatika kwa umeme ni jambo lingine. NSLU2 ilikuwa na tabia mbaya ya kubaki imezimika umeme ukirudi, mpaka mtu aje kubonyeza kitufe. Watu walichomea waya mdogo kwa risasi ndani yake ili iamke yenyewe. Diski nayo iwekwe kwenye mfumo wa faili wa ext4, ambao unaandika kwanza anachotaka kufanya kabla ya kukifanya, hivyo umeme ukiondoka ghafula unaweza kujipanga tena. Hilo halilindi kazi iliyokuwa bado haijaandikwa.

Matumizi hayakosekani. Shule inaweza kuweka humo vitabu na faili za Wikipedia zilizotayarishwa kwa Kiwix, walimu wakazinakili kwenye simu bila kununua mega. Redio ya mtaa inaweza kuhifadhi sauti za vipindi vyake, ofisi ndogo nakala za hesabu zake. Lakini diski ya miaka kumi ni diski ya miaka kumi. Programu iitwayo smartctl inaonyesha saa ilizofanya kazi na sehemu zilizoharibika, na kama hesabu ya sehemu hizo inapanda kila juma, diski ibadilishwe, hata kama kisanduku ni kizuri namna gani. Na faili iliyo mahali pamoja tu haina nakala, awe Linux ama nani anayeilinda. Waliopoteza kila kitu Juni 2021, wengi walikuwa wamefanya kisanduku kuwa ghala na nakala kwa wakati mmoja.

Kuweka Linux mpya hakuzuii pia wadukuzi kama mlango unabaki wazi. Kisanduku kikae ndani ya mtandao wa nyumba, nyuma ya modemu, neno la siri la kwanza libadilishwe siku hiyo hiyo, na marekebisho ya usalama yachukuliwe kila yanapotoka.

Hayo marekebisho nayo hayatoki milele. Debian iliacha prosesa ya NSLU2 mwaka wa 2015, ilipofika toleo la 8. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena programu ya kusakinisha kwa armel, familia ya prosesa za ARM za zamani ambamo Kirkwood imo. Mwenye Pogoplug leo anaweza kubaki kwenye Debian 12 wakati bado inahudumiwa, ao kutumia kiini kinachotengenezwa na wajitoleaji, ao kuhamia OpenWrt, ambayo bado inaipokea Kirkwood na pia My Book Live. Kabla ya kulipa hata franka moja, ni vizuri kutafuta jina kamili la kifaa, lililoandikwa chini yake, katika orodha ya vifaa ya OpenWrt.